Sura ya Nne: Shida Iko Ukingoni

Mtu wa Lubutu akihitaji karatasi yenye muhuri wa mkoa wa Maniema, hana budi kwenda Kindu. Ukiweka rula juu ya ramani, kutoka mji mmoja hadi mwingine hazifiki kilomita 300. Lakini rula haivuki maji. Milima ya Kivu inateremsha mito yake kuelekea magharibi, na mitatu kati yake, Lowa, Ulindi na Elila, imejilaza baina ya Lubutu na Kindu kama vidato vya ngazi. Ukishavuka wa tatu bado hujafika. Barabara inakutua Alunguli, upande wa mashariki wa Lualaba, na ofisi unazozitafuta ziko ng'ambo. Mabati yake unayaona yanavyong'aa juani, ila miguu yako imekwama kwenye tope la ukingo.

Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wa Lubutu huipa Kindu mgongo. Wao hushika barabara ya Kisangani, kama kilomita 240 hivi, inayoingia mjini bila kuuvuka ule mto mkubwa. Tumbo la Lubutu liko Kisangani. Makaratasi yake yako Kindu.

Nimekaa saa nyingi kando ya mito ya Maniema nikingoja baki, yaani kivuko cha magari, na mambo niliyoyaona yanafanana popote. Kamyo imefika asubuhi na shehena ya mchele na madumu ya mawese. Makonvoyeri wanaruka chini kabla haijasimama vizuri. Abiria nao wanashushwa wote, akina mama na watoto, mbuzi na magodoro, kwa sababu mtu haruhusiwi kuingia bakini akiwa amekaa juu ya mzigo. Mkuu wa baki, mzee aliyevaa kofia ya sufu ijapokuwa jua linawaka, anayakagua magurudumu kwanza, salamu baadaye. Mbao mbili nene zinalazwa kutoka udongoni hadi kwenye sitaha, na vijana wanazipiga kwa visigino kujua kama zimekaa. Mto umepungua wiki hii. Mbao zinateremka kwa mwinuko ambao wiki iliyopita haukuwepo, basi majembe yanatolewa, udongo unachotwa, mawe yanashindiliwa.

Dereva anaingiza gia ya kwanza. Gurudumu la mbele linapogusa baki, chombo kizima kinainamia upande wa nchi kavu, kisha kinasukumwa kutoka ukingoni, kamba inakazika mpaka inalia. Kwa kitambo hicho kamyo iko nusu barabarani, nusu mtoni. "Polepole, papa! Polepole! Kushoto kidogo!" Kila mtu ni fundi, hata muuza karanga. Halafu magurudumu ya nyuma yanapita, baki inajisawazisha, kabari za gogo zinapigwa chini ya matairi, na watu wanaanza kupumua tena. Mara nyingi dereva hufungua batri ya gari lake aiazime injini ya baki, na mazuti yanakuwa juu ya wasafiri wenyewe.

Mto wenyewe tuliuvuka kwa dakika kumi. Kupanda na kushuka kulikula saa tatu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike sura hii jinsi nilivyoiandika. Vitabu vingi vikisimulia habari za vivuko huhesabu meli: hii ilikuwa na urefu huu, ile ilikuwa na mwendo ule, kampuni fulani iliishinda nyingine. Mimi naona chombo hakijawahi kuwa tatizo kubwa. Binadamu alijua kuelea zamani sana. Kilichomsumbua, na kinachomsumbua hadi leo, ni zile hatua chache ambapo ardhi inaishia na maji yanaanzia, na nani amesimama hapo.

Hata majina yetu ya chombo hiki yameokotwa ukingoni kutoka kwa wageni. Mombasa husema feri. Dar es Salaam husema pantoni, ingawa mabango ya serikali yameandikwa kivuko. Kwetu Kongo ni baki, neno tulilolitoa kwenye Kifaransa, na utani wake unajitunga wenyewe: aliyeikosa baki, amebaki.

Katika mito myembamba yenye mkondo mkali, baki haidai hata injini. Kamba ya chuma inavutwa kutoka ukingo hadi ukingo, na chombo kinaning'inizwa kwenye kamba hiyo kwa roda mbili, moja ya mbele, moja ya nyuma. Kamba ya mbele ikifupishwa na ya nyuma ikilegezwa, baki inakaa kimshazari. Mkondo unaipiga ubavuni, nayo, kwa kuwa haiwezi kufuata maji, inateleza upande wa pili. Ukitaka kurudi, unageuza: unalegeza ya mbele, unafupisha ya nyuma. Mto unafanya kazi bila mshahara. Kabla ya baki za chuma, barabara za kwanza za magari katika Kongo ya Wabelgiji zilivushwa kwa mitumbwi iliyofungwa sambamba na kutandikwa mbao juu, na akina baba waliopiga makasia. Pikipiki huvushwa hivyo mpaka leo.

Turudi nyuma kidogo, kwenye Lualaba hiyohiyo, kusini ya Kindu. Mwishoni mwa Machi 1871 David Livingstone aliingia Nyangwe, soko kubwa la waungwana wa pwani na watu wa Maniema. Alitaka jambo moja tu, mitumbwi, avuke na kuufuata mto ajue unakoishia. Alikuwa na shanga na vitambaa, na barua kutoka kwa wakubwa. Mitumbwi ilikuwepo, imejaa tele, kwa sababu siku za soko wanawake walivuka kwa mamia kuja kuuza samaki, vyungu na mihogo. Lakini wenye mitumbwi, wale Wagenya ambao maisha yao yote ni mto, hawakumpa. Walikwisha kuona watu wa bunduki wanavyofanya wakishavuka, na hawakuona kwa nini wawavushie wenyewe balaa. Livingstone akangoja, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa pwani walifyatua risasi sokoni. Umati ulikimbilia mitumbwi iliyokuwa imebanana kwenye kihori kidogo, haikuweza kutoka yote kwa mara moja, na wengi walizama hapo hapo, karibu na nchi kavu. Livingstone alisikia makadirio ya watu kati ya 330 na 400. Aliondoka siku chache baadaye akarudi Ujiji, na safari yake ya kuufuata mto ikaishia hapo.

Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe mwaka 1874 na ombi lilelile. Akapewa jibu lilelile, akashika njia ya kusini kwa miguu. Fikiria hilo: watu wawili waliokuwa na dola kubwa kuliko zote duniani nyuma yao, wamezuiwa na wapiga kasia wasiokuwa na bunduki. Ukingo ulikuwa na wenyewe.

Henry Morton Stanley alikuja mwaka 1876 akiwa amejifunza. Hakuja kuomba mtumbwi. Alibeba mashua yake. Lady Alice ilitengenezwa Teddington, kando ya mto Thames, na fundi James Messenger, ikiwa ya vipande vinavyofunguliwa na kufungwa, ibebwe mabegani na wapagazi kutoka Bagamoyo. Novemba ya mwaka huo, akisindikizwa na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alitoka Nyangwe, akapenya msituni, akaiunganisha mashua kando ya Lualaba na kuvuka. Tangu siku hiyo wenye mitumbwi hawakuwa tena na neno la mwisho. Wengine husoma habari hiyo kama ushujaa wa kuvumbua mto. Mimi naisoma kama habari ya mtu aliyekuja na kivuko chake mwenyewe ili asihitaji ruhusa ya mtu.

Wakati hayo yakitokea kwetu, Ulaya na Marekani walikuwa wamekwisha kumaliza ubishi wa injini. Robert Fulton alipeleka abiria kwa moshi kwenye mto Hudson mwaka 1807. Henry Bell alianzisha Comet kwenye mto Clyde wa Scotland mwaka 1812, na mwaka 1821 Rob Roy ilianza kuvusha watu kati ya Dover na Calais. Meli haikungoja tena upepo. Lakini abiria na mzigo waliendelea kupanda kama zamani: ngazi, tishari, mgongo wa mchukuzi. Zanzibar meli za moshi zilitia nanga mbali, na mtu aliingia mjini kwa mashua. Penye maji mafupi alibebwa mabegani kama gunia la karafuu. Injini ilikuwa imefupisha bahari, ukingo ukabaki na urefu wake uleule.

Aliyeugusa ukingo kwa mara ya kwanza kwa akili ya kihandisi, kwa maoni yangu, ni Thomas Bouch. Reli za Scotland zilikatwa na ghuba ya Forth. Kila behewa la makaa lilifunguliwa upande mmoja, likapakuliwa, likavushwa, likapakiwa tena upande wa pili, na makaa yalivunjika na kuibwa njiani. Mwaka 1850, kati ya Granton na Burntisland, ilianza kazi meli iitwayo Leviathan. Ilikuwa na reli juu ya sitaha. Mabehewa yaliingia yenyewe na kutoka yenyewe, na watu wakaiita reli inayoelea.

Ujanja haukuwa melini. Ulikuwa kwenye gati. Bahari hupwa na kujaa, na pale Forth tofauti ni ya mita kadhaa. Gati lililo sawa na sitaha saa tatu asubuhi litakuwa juu mno saa tisa alasiri. Bouch alijenga mteremko wa mawe, akaweka juu yake jukwaa zito lenye magurudumu na reli, linalopandishwa na kuteremshwa kwa mashine kufuata maji, na mwishoni ulimi wa chuma unaolalia kwenye meli. Ni zile mbao mbili za mzee wa kofia ya sufu, isipokuwa zimepewa magurudumu na mvuke. Abiria, kwa njia, hawakuruhusiwa kuvuka ndani ya mabehewa. Leviathan ilikuwa ya mizigo, wao walipanda meli nyingine.

Bouch huyo huyo baadaye alipata sifa, akajenga daraja la reli juu ya mto Tay, kisha akapewa cheo cha Sir. Daraja hilo lilianguka usiku wa tufani, 28 Desemba 1879, likiwa na treni juu yake. Hakuna aliyenusurika, naye Bouch alikufa mwaka uliofuata. Jina lake likabaki la daraja lililoanguka, wakati mteremko wake ulivusha mabehewa mpaka daraja la Forth, lililojengwa na watu wengine, lilipofunguliwa mwaka 1890.

Sasa njoo Kindu. Mwaka 1902 tajiri wa Ubelgiji Édouard Empain alianzisha kampuni ya reli ya Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, ile ambayo wazee wetu waliiita kwa herufi zake tatu, CFL. Wazo lilikuwa kuutumia mto pale unapokubali meli, na kujenga reli pale unapokataa. Penye maporomoko ya Boyoma reli ilizunguka kutoka Stanleyville, Kisangani ya leo, hadi Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, kilomita 125, ikafunguliwa mwaka 1906. Kutoka Ponthierville meli za moshi zilipanda mto kwa kilomita zaidi ya 300 hadi Kindu, zikisimama njiani kupakia kuni. Kindu mto unakataa tena, na reli ya kilomita 355 kwenda Kongolo ilikamilika mwishoni mwa 1910. Kongolo meli tena hadi Kabalo. Kutoka Kabalo reli ilifika Albertville, yaani Kalemie, mwaka 1915.

Wabelgiji walijivunia njia hiyo, na kwa kweli si kazi ndogo. Lakini hesabu kingo. Gunia lililotoka Matadi likienda Dar es Salaam lilipanda treni hadi Leopoldville, yaani Kinshasa, likahamishiwa melini. Stanleyville likashushwa, likapanda treni. Ponthierville likashushwa, meli. Kindu, treni. Kongolo, meli. Kabalo, treni. Albertville, meli ya ziwa. Kigoma, treni ya Wajerumani, ambayo ilikuwa imefika ziwani mwaka 1914. Mara nane gunia lile lile lilinyanyuliwa na mgongo wa mtu. Hakuna Leviathan hapo, hakuna ulimi wa chuma. Ulimi wa CFL ulikuwa makuli wa Kindu, Ponthierville na Kongolo, na kazi ya mabega yao haikuhesabiwa katika zile kilomita za kujivunia.

Kindu yenyewe imezaliwa na badiliko hilo moja. Mji umekaa pale gunia linapotoka melini kuingia treni, na laiti mto ungekubali meli kwa kilomita nyingine 100, mji mkuu wa Maniema ungekuwa mahali pengine. Kisangani pia, Ubundu pia, Kalemie na Kigoma pia. Ramani ya miji ya mashariki ya Kongo ni ramani ya sehemu ambapo mzigo ulishushwa.

Vita ya Kwanza ilionyesha mambo haya kwa kichekesho. Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani ziwa Tanganyika, na hawakuwa na meli humo. Mwaka 1915 walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka London kwa bahari hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, kwa kuburutwa msituni na matrekta ya mvuke, kisha kwa Lualaba mpaka Kabalo na kwa treni ya CFL mpaka ziwani. Mashua zilizotembea nchi kavu! Lakini zilifanya kazi: Desemba 1915 ziliiteka Kingani ya Wajerumani, na Februari 1916 Mimi pamoja na Kingani iliyotekwa zikaizamisha Hedwig von Wissmann.

Upande wa pili wa ziwa Wajerumani walifanya vivyo hivyo kwa kipimo kikubwa. Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaunganishwa upya Kigoma na kuingizwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata, walipokuwa wakikimbia, Wajerumani waliizamisha wenyewe baada ya kuzipaka injini mafuta mazito zisiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Yeyote aliyepanda Liemba anajua lililobaki: vituo vingi vya ziwa havikuwa na gati. Meli inapiga honi gizani, taa zinawaka ufukweni, na mitumbwi inaizunguka ikigongana. Mama mja mzito anavutwa kwa mikono kutoka kwenye mtumbwi unaopanda na kushuka. Dagaa wanarushwa juu, sabuni inateremshwa. Chombo cha Kijerumani kilichohitaji makasha 5,000, na ukingo ni ule ule wa Nyangwe.

Gari la abiria liliuleta ukingo mbele ya watu wenye fedha, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda haraka. Miaka ya 1920 Mwingereza aliyetaka kwenda Ufaransa na gari lake aliliona likimwagwa petroli, likifungwa kamba na kunyanyuliwa na kreni kama ng'ombe, likining'inia juu ya vichwa vya watu, kisha likashushwa ngamani. Akilipa, alilipa sana. Kapteni Stuart Townsend alichukizwa na bei hizo, na mwaka 1928 alikodi meli ya makaa, Artificer, akavusha magari 15 kwa mara moja kati ya Dover na Calais kwa bei nafuu. Mwaka 1930 alinunua meli ya zamani ya kufagia mabomu ya baharini, akaiita Forde, akaikata tezi na kuitia mlango. Reli ya kusini ya Uingereza haikukubali kushindwa, ikaleta Autocarrier mwaka 1931.

Mlango wa Forde ndio ninaoupenda katika hadithi hii, kwa sababu haukufanya kazi. Meli ilikuwa na mlango tezini, gati halikuwa na mteremko wa kuupokea. Kwa hiyo kreni ziliendelea kuning'iniza magari mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1936 waendesha kreni wa Calais waligoma. Ulimi wa chuma ukalazwa tezini, magari yakatoka kwa magurudumu yake yenyewe. Kilichohitajika kilikuwepo muda wote, ila hakuna aliyesumbuka kukilaza. Watu wa kaskazini walikuwa mbele kidogo: Denmark ilikuwa na Heimdal tangu 1930, na Norway ikapata Peter Wessel mwaka 1937. Uingereza ilipata Princess Victoria, ya kwanza kwao kujengwa na mlango wa tezini kwa ajili ya magari, mwaka 1939, vita ikaichukua na kuizamisha mapema.

Vita hiyo ya pili ilimaliza ubishi. Vifaru havinyanyuliwi na kreni kwenye ufukwe wenye risasi. Zikajengwa meli zenye omo inayofunguka kama kinywa cha kiboko na ubao unaoshuka mchangani, meli isiyohitaji gati kabisa. Moja ya zile za mwanzo, Bachaquero, iliyokuwa meli ya mafuta ya ziwa Maracaibo, ilifunguliwa kinywa katika Bahari ya Hindi yetu, Madagascar, Mei 1942. Vita ilipokwisha, Frank Bustard alizikodi meli za namna hiyo, na mwaka 1946 Empire Baltic ikaanza kubeba malori kati ya Tilbury na Rotterdam. Kila feri unayoiona leo ikimeza malori Mombasa au Dar es Salaam ni mjukuu wa kinywa hicho.

Lakini ukingo ukiuhamishia melini, umeuhamishia pia hatari yake. Mlango ni ukingo unaotembea. Tarehe 31 Januari 1953 Princess Victoria nyingine ilipigwa na mawimbi tezini, milango ikavunjika, maji yakajaa sitaha ya magari. Walikufa watu zaidi ya 130. Tarehe 6 Machi 1987 Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge na milango ya omo ikiwa wazi, ikalala ubavu dakika chache nje ya bandari. Walikufa 193.

Kwetu sisi hatuzami mbali. Huduma ya feri ya Likoni ilianza mwaka 1937 na kivuko chake ni kifupi kiasi kwamba mtu anaweza kumpigia kelele mwenzake ng'ambo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, jirani yake, ilipinduka ikiwa bado karibu na ufukwe, na watu 272 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, yenye ruhusa ya kubeba watu 101, ilipinduka makumi machache tu ya mita kabla ya gati la Bwisya, kisiwani Ukara; walikufa 228. Walikuwa wanafika, na waliposimama kujiandaa kushuka uzito ukahama. Mwaka 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni, na watu wawili, mama na mtoto, wakafa. Mzee wa kofia ya sufu angeuliza swali moja: kabari zilikuwa wapi?

Ninapowaambia watu wa mjini kwamba mzee huyo anajua jambo ambalo wahandisi walilipia kwa maisha ya watu, hucheka. Lakini angalia anachofanya. Anawashusha abiria kabla gari halijapanda. Anapiga mbao kwa kisigino. Anaweka kabari kabla hajafungua kamba. Kila sheria ya usalama wa feri duniani imeandikwa baada ya msiba, na tatu kati yake anazijua bila kusoma.

Lualaba, ambao chini ya Kisangani tunauita Kongo, una daraja Kongolo tangu mwaka 1939. Daraja linalofuata kuelekea baharini ni la Matadi, lililofunguliwa mwaka 1983. Baina ya mawili hayo mto unapita Kasongo, Kindu, Ubundu, Kisangani, Mbandaka na Kinshasa, na hakuna anayeuvuka kwa miguu mikavu. Kindu wanavuka kwa mitumbwi, kwa mashua za mbao zenye injini, na kwa baki inapokuwa na mazuti.

Kwa hiyo, msomaji wa Lubutu unayefunga mzigo kwenda kutafuta muhuri wako: beba akiba ya mazuti, mwombe dereva aikague batri, na panga safari ufike Alunguli kabla ya saa kumi jioni. Jua likizama, wapiga kasia huenda kulala.